Naombeni ushauri: wageni 8 wa kupanda miamba Hell's Gate, wanaoanza na wazoefu, niwachanganye?

Mrombo_wa_Nairobi (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni na poleni na majukumu.

Niende moja kwa moja. Mimi ni kijana wa Rombo, huu ni mwaka wangu wa sita hapa Nairobi. Naendesha gari la watalii, na kabla ya hapo nilibeba mizigo Kilimanjaro misimu minne, Marangu na Machame. Miaka miwili iliyopita niliingia kwenye kupanda miamba kwa kamba, nikaupenda mchezo huu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Sasa nimeanza kupeleka watu kwa malipo.

Jumamosi ya wiki ijayo nina kundi la watu 8 wa ofisi moja. Watano hawajawahi kuvaa hanesi, ule mkanda wa kiunoni na mapajani unaofungwa kamba, maishani mwao. Watatu wanajiita wazoefu, wamepanda sana kwenye kuta za mazoezi za ndani na mmoja amepanda nje ya nchi. Mpango ni kuingia mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, kwa geti la Elsa asubuhi na mapema, wote wapande Mnara wa Fischer, ile nguzo ya mwamba, mchana tushuke korongoni tupumzike, jioni wale watatu niwapeleke ukuta mkubwa wa mwamba. Waongozaji tutakuwa wawili.

Swali langu: niwachanganye kwenye kamba moja au niwatenganishe? Wazoefu wameshaanza kunung'unika kwenye kundi la WhatsApp kwamba hawajalipa kuja kuwashikia wengine kamba. Wanaoanza nao wanaogopa kuchekwa. Silali vizuri wakuu. Ushauri wa kujenga tafadhali, wa kutukana apite kando.

Nyegere_Dume
Nimekaa siti ya mbele, ngoja waje wataalamu. Ila mkuu nisaidie kuelewa kitu kimoja. Mtu ana mshahara, ana bima ya afya, ana watoto, halafu anakulipa umning'inize kwenye jiwe? Babu yangu ameangua nazi Pangani miaka thelathini. Alikuwa analipwa yeye, na bado jioni alikuwa anamshukuru Mungu kwa kushuka salama.

Dada_Tausi
Tenganisha, kaka. Mwaka 2017 tulienda Kilimanjaro watu kumi na mmoja wa kazini kwetu, njia ya Marangu. Kiongozi akatuweka mkumbo mmoja, wanaokimbia na wanaojikokota. Wanaokimbia walikuwa wanafika, wanapumzika, sisi tukitokea tu wanainuka waondoke. Mimi kupumzika sikupumzika hata mara moja. Tulipofika kambi ya Horombo nilikuwa nalia huku natembea, na walikuwepo waliokuwa wananipiga picha. Kileleni sikufika. Mpaka leo wapo watu wawili wa safari ile nikikutana nao kwenye korido nageuza njia. Kwa hiyo usidhani ni jambo dogo.

Mtoto_wa_Karagita
Sikiza ndugu. Mimi nimezaliwa Karagita, Naivasha, na huo mnara niliupanda mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tano, mamangu hajui. Nimekuwa nikifunga watu kamba pale tangu 2011. Nikujibu ulichouliza, halafu na mimi nikuulize.

Usiwachanganye. Manung'uniko wacha yawe yao, mimi naangalia macho yako, ambayo ni mawili tu. Anayeanza anataka jicho kuanzia pale anapovaa hanesi. Mkanda umekaa juu ya mfupa wa nyonga ama uko chini kama suruali ya kijana? Fundo la nane, lile lenye umbo la 8, limerudishwa likaisha, ama limeishia nusu? Karabina, ile pete ya chuma ya kuunganishia kamba, imefungwa kwa skrubu? Mnara wenyewe ni kama mita 25, na ukiupita kwa baiskeli hauogopeshi. Lakini mtu akifika katikati akaangalia chini, akaona pundamilia wamekuwa wadogo, magoti yanaanza kutetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Hapo hataki maneno mengi. Anataka sauti moja, ya mtu mmoja, imwambie mguu wa kulia uende wapi. Sasa kama sauti yako iko ukuta mwingine na wazoefu, nani atamwambia?

Na hao wazoefu ndio wananiogopesha mimi. Mgeni akifunga fundo anakuonyesha, umwangalilie. Mzoefu anafunga huku anaongea. Mwaka 1989 Lynn Hill, Mmarekani, mmoja wa wapandaji hodari zaidi duniani wakati huo, alianguka kutoka juu ya mwamba kule Buoux, Ufaransa, kwa sababu fundo lake hakulimalizia. Matawi ya mti ndiyo yalimpokea, akapona. Kama yeye alisahau, huyo wa ofisi yako ni nani?

Kitu kingine. Mchana mnapumzikia korongoni, huko Ol Njorowa? Pale mvua si lazima ikunyeshee wewe. Inanyesha mbali huko juu, maji yanakuja yakiwa ukuta. Aprili 2012 vijana saba wa kanisa walikufa humo, na 2019 maji yakachukua watu tena. Mimi wangu huwa wanakula chini ya mti huku juu. Na kabla ya mtu kugusa mwamba, simama dakika tano, nyamaza, sikiliza nyuki.

Sasa maswali yangu. Mwongozaji wa pili ni nani, ana ujuzi gani? Kamba ngapi? Umeongea na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya?

Mrombo_wa_Nairobi
@Mtoto_wa_Karagita asante sana mkuu, nimekuelewa. La korongoni nalifuta. La nyuki hata sikuwa nalijua.

Kuhusu KWS nitalipia kiingilio kama wengine. Kamba ninayo moja nzuri. Naweza kuisimamia kazi yote mimi mwenyewe nikipanga muda vizuri. Nilichotaka hasa ni namna ya kuongea na hawa wazoefu bila kuwaudhi, maana mmoja wao ndiye aliyeleta kundi.

Mzee_wa_Usambara
Vijana wangu, shikamooni nazipokea. Naomba niseme kama mtu mzima.

Tatizo la siku hizi ni kwamba mtu akijua jambo miaka miwili tayari ni mwalimu. Zamani fundi seremala alikaa na mwanafunzi miaka mitano ndipo akamwachia msumeno. Mlima na mwamba ni mambo ya heshima. Mwaka 1963, usiku wa uhuru wa Kenya, Kisoi Munyao alipandisha bendera juu ya Point Lenana, Mlima Kenya, na alikuwa mtu aliyeujua mlima, siyo mtu aliyejaribu.

Tena kuna kisa cha 1970 kwenye mlima huohuo. Daktari kijana wa Austria, Gerd Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian baada ya jiwe kung'oka. Jiwe moja tu. Kumshusha kulichukua zaidi ya wiki nzima, na rubani wa helikopta aliyekwenda kusaidia alikufa. Mgonjwa akapona, msaidizi akafa. Huwa nakifikiria sana kisa hiki ninapoona mtu anachukua dhamana ya watu wanane.

Fundi_Mnara
Mleta mada, mimi napanda minara ya simu, Dodoma, Singida mpaka Tabora, mwaka wa kumi na mbili sasa. Michezo yenu siijui, ila kamba naijua. Kuna sentensi moja umeipitisha haraka: "kamba ninayo moja nzuri".

Ina umri gani? Ulinunua mpya au ya mkononi? Ina mita ngapi? Imewahi kushika mtu aliyeanguka, na ilipomshika ilikuwa imepita juu ya nini? Hayo manne tu. Wazoefu wa ofisi baadaye.

Mrombo_wa_Nairobi
@Fundi_Mnara nitakujibu mkuu bila shida. Kamba ni ya mita 60, nilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, haijafikisha miaka mitatu. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye miamba ya Lukenya, nje ya Nairobi, mteja mmoja akateleza, kamba ikamshika vizuri tu. Ilipata mkwaruzo kidogo kwenye ukingo wa jiwe, kama mita nne kutoka kwenye fundo. Sehemu ile nimeshaikata, tena sikukata kibahili. Nimekata pima tano nzima, ncha nikaiyeyusha kwa kiberiti isifumuke. Iliyobaki ni safi kabisa.

Kamba mpya hapa si chini ya mshahara wangu wa mwezi. Siwezi kutupa kamba kwa mkwaruzo.

Fundi_Mnara
Ngoja nikae chini.

Kwanza, mkwaruzo. Ganda la nje la kamba ni nguo tu, mzigo unabebwa na nyuzi za ndani. Shika kamba kwa vidole viwili, ikunje, uende nayo hivyo hatua kwa hatua mwanzo mpaka mwisho, usiruke hata shubiri moja. Ikiwa nzima inafanya kitanzi cha mviringo, kinakataa kubanwa. Ikiwa imeumia ndani inajikunja bapa kama kitambaa, wala haikatai. Umeifanyia hivyo yote, au uliangalia pale tu ulipoona manyoya? Kamba za kwenu zinapimwa kushika maanguko yasiyopungua 5 ya kilo 80, lakini pale maabara inapita kwenye chuma kilicholainishwa. Haipiti kwenye ukingo wa jiwe.

Pili, hesabu. Pima tano za mikono yako ni kama mita 9. Sitini toa tisa ni 51. Nusu yake ni 25 na nusu. Mnara, kwa maneno ya huyu ndugu wa Karagita, ni kama mita 25. Fundo la kiunoni linakula karibu mita moja. Mshika kamba hasimami akiwa ameukumbatia mwamba, anarudi nyuma hatua mbili tatu. Wewe ukipanda na kamba mpaka juu, kupanda kutakuwa sawa, hakuna atakayeona kitu. Ni wakati wa kukushusha. Kamba itamwishia mshikaji wewe ukiwa bado hewani, ncha ipite kwenye kifaa chake cha kushikia kamba, ichomoke.

Umeweka fundo la kuzuia kwenye ncha? Na ile alama ya katikati ya kamba, ulipokata upande mmoja, uliifuta ukaweka nyingine? Kama bado ipo, hiyo alama sasa inakudanganya kwa mita nne na nusu.

Mrombo_wa_Nairobi
@Fundi_Mnara alama sikuihamisha, nakiri. Fundo la mwisho huwa naweka, mara nyingi. Lakini mkuu na wewe unaongea kama vile naenda kuua watu. Mnara wenyewe sidhani kama unafika 25 kamili. Kamba inavutika pia, inaongeza. Na nimepanda pale mara tano, ninaujua. Mnaongea kama sijawahi kufanya kazi hii.

Dada_Tausi
Kaka, "mara nyingi" siyo jibu la swali la fundo.

Mtoto_wa_Karagita
Kamba ikivutika mtu anashuka zaidi, urefu wa kutegemea haijakuongezea. Usiweke maisha kwa hesabu ya mpira.

Lakini bado hujanijibu swali langu la kwanza, umelizunguka. Wewe ukipanda kwanza kupeleka kamba juu, nani anakushika wewe? Msaidizi wako ni nani?

Jicho_la_Kengewa
Wadau mnapoteza muda wenu, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Nimekaa nimesoma tangu juu. Mwanzo anaandika "waongozaji tutakuwa wawili". Baadaye "mimi mwenyewe". Huyo wa pili amepotelea wapi? Halafu kuna "mteja" aliyeteleza Lukenya. Hana jinsia, hana umri, hajalalamika, hajadai pesa yake, kamba imekatika ganda na yeye mzima kabisa, amekwenda zake nyumbani. Akaunti yenyewe ina siku tisa. Hapa mtu anajenga jina, wiki ijayo utaona namba ya simu na bango la safari. Nimeziona nyingi za namna hii humu.

Nyegere_Dume
Mimi siiti chai, ila nakubali hata sukari yake haieleweki. Mleta mada, weka picha ya kile kipande ulichokata, tumalize.

Mpita_Njia_88
Mods unganisheni huu uzi na ule wa jamaa aliyedai amelala ndani ya volkano Oldoinyo Lengai.

Mama_Wawili
Au muacheni kijana apumue, naye ni mtoto wa mtu. Ila na wewe mwanangu, mtu akikuuliza jambo mara tatu ukalikwepa mara tatu, hilo ndilo linalokunyima usingizi. Si wazoefu wa ofisi.

Mrombo_wa_Nairobi
Nimekaa tangu jana nikisoma bila kujibu. Nimeandika na kufuta mara kadhaa.

Picha nimeweka hapo juu. Kile kipande cheupe kinachotoka kwenye ganda la machungwa ndiyo nyuzi za ndani. Siyo mkwaruzo. Nilijua siyo mkwaruzo.

Aliyeanguka hakuwa mteja. Ni mdogo wangu wa mwisho, ana miaka 22. Alikuja kutoka Rombo mwezi wa kwanza nimfundishe kazi, ndiye mwongozaji wa pili niliyemwandika. Siku ile tulikuwa sisi wawili tu Lukenya, Jumapili. Nilimwambia atangulie yeye na kamba apate uzoefu, mimi nimshike. Alikuwa amefika kama mita nane, anacheka, anasema kaka huku juu kuna upepo mzuri. Nikatoa simu nimpige picha ya kuweka kwenye ukurasa wetu. Mkono wa kulia, ule wa kushikia, ndio niliotolea simu. Nilikuwa nimemwachia kamba imelegea, kama mita mbili hivi.

Hakupiga kelele. Nilisikia kokoto kwanza, halafu kamba ikanivuta, lakini kabla haijakaza alishatua kwa kisigino kwenye kibaraza cha jiwe. Mlio wake ulikuwa kama mtu kakanyaga kuni kavu. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, na sikumbuki njia tuliyopita.

Kisigino kimepasuka vipande viwili, wamemtia vyuma, amefungwa hogo (plasta) mpaka karibu na goti. Wageni wangu walikuwa wameshatuma amana, shilingi za Kenya 72,000. Yote imeishia hospitali na bado tunadaiwa. Kwa hiyo siwezi kuahirisha na kurudisha pesa ambazo hazipo. Mama tulimwambia amegongwa na bodaboda Kitengela.

Kumbe nilichokuwa nauliza ni kama naweza kufanya safari hii peke yangu na kamba hii, ili nisiitwe mwizi.

Nyegere_Dume
Pole sana mkuu. Nafuta maneno ya sukari.

Jicho_la_Kengewa
Nimeiona picha. Naomba radhi kwa kuita chai, na namaanisha. Ila neno "mteja" uliliandika mwenyewe, na watu hapa walikuwa wanakushauri kwa kulifuata hilo. Kama wangekushauri vibaya ungesema ulishauriwa.

Fundi_Mnara
Pole kwako na kwa mdogo wako. Nitasema moja tu, maana nimeona mwenzangu akianguka Manyoni na najua usiku unavyokuwa baada ya hapo.

Kuna Mmarekani aliitwa Todd Skinner, mpandaji mkubwa kabisa. Oktoba 2006, kule Yosemite, kitanzi cha mbele cha hanesi yake kilikatika akiwa ananing'inia kwenye kamba, akafa. Kitanzi kilikuwa kimelika, aliyekuwa naye alikiona na akamwambia. Na Skinner alishaagiza hanesi mpya. Ilikuwa njiani. Alijua kabisa kwamba ya zamani imechoka, alikuwa anasukuma siku chache tu.

Wewe unasukuma Jumamosi moja.

Ikate kamba. Yote. Vipande vifupi, nusu mita nusu mita, asije mtu akaiokota akaiona bado kamba.

Mzee_wa_Usambara
Kijana, mimi sina la kuongeza kuhusu kamba. Nasema kuhusu mama. Uongo wa bodaboda utamfikia kwa mdomo wa mtu mwingine, na siku hiyo hutakuwa karibu kumwelezea.

Mrombo_wa_Nairobi
Nawashukuru. Lakini jamani na mimi nieleweni. Nikiwaambia ukweli wataondoka wote, watataka pesa yao siku hiyohiyo, na watasambaza jina langu Nairobi nzima. Nilikuwa nimefikiria niazime kamba, niwaombe wale wazoefu wanishike mimi. Wamesema wenyewe ni wazoefu. Mdogo wangu naye anasema nisiahirishe, anasema lilikuwa kosa lake kuteleza.

Mama_Wawili
Mdogo wako anakupenda, kwa hiyo usimtumie kama shahidi.

Dada_Tausi
Kaka nikuambie kutoka upande wa pili, chukulia mimi ndiye yule mwanamke wa ofisini ambaye hajawahi kuvaa hanesi. Nimelipa 9,000. Nimemwambia mume wangu tuna mtu mzoefu. Usiku wa kuamkia safari nimeandaa soksi. Sijui chochote kuhusu mita 51. Nikifika pale nitakuangalia wewe usoni, wala sitaiangalia kamba, maana hata nikiiangalia sielewi ninachokiona. Pesa yangu nikiikosa nitanuna mwezi mmoja, miwili. Kwenye safari za ofisi tunapoteza zaidi ya hapo.

Nipigie simu uniambie ukweli. Mimi ningekusikiliza.

Mtoto_wa_Karagita
Wazoefu wa ukuta wa ndani wakushike wewe nje, siku ya kwanza, kwa mwamba wa volkano ambao vishikio vingine vinabaki mkononi? Hapana. Futa hiyo kabisa.

Sasa sikiza, hii njia ipo. Wewe una gari na leseni ya kuendesha, na watu wanakuamini barabarani. Pale Hell's Gate kuna vijana wa kamba wa Naivasha ambao hiyo ndiyo kazi yao, wana vifaa vyao, mimi mmoja wao. Hao watano wanaoanza tutawapandisha mnara wawili wawili, kamba mbili, mtu mmoja akiwa na kazi ya kuangalia mafundo peke yake. Hao watatu watakwenda siku nyingine na mtu wa ukuta mkubwa, kama bado wanataka baada ya kusikia ukweli wako. Ukuta ule una sehemu tai wanazalia, si kila mahali mtu anajipandia. Atakayekataa kupanda akodishe baiskeli, ile mbuga unatembea kwa miguu na kwa baiskeli, hakuna haja ya kujifungia garini.

Malipo yetu utatulipa kidogo kidogo. Nimekuandikia ujumbe wa faragha. Lakini sitafunga hata karabina moja kabla hujawaambia watu wako ni nini kilitokea Lukenya. Hiyo ndiyo masharti yangu, na haipungui.

Na siku yenyewe wewe usishike kamba ya mtu. Si adhabu. Mkono ulioachilia mara moja unakaza sana mara ya pili, na kukaza sana pia ni kosa.

Mpita_Njia_88
Kwani kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki pale ni bei gani? Nina mpango wa mwezi wa kumi na mbili.

Mtoto_wa_Karagita
Angalia kwa KWS, bei hubadilika. Usichukue ya mtu wa uzi.

Mrombo_wa_Nairobi
Wakuu, nimerudi, leo ni Alhamisi.

Nilianza na yule aliyeleta kundi, ndiye niliyekuwa namwogopa. Nilimpigia nikiwa nimekaa ndani ya gari, nikamweleza yote, simu mkononi, kulegea kwa kamba, pesa ilikokwenda. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza mdogo wangu anaendeleaje. Baadaye akakasirika, na maneno aliyosema nayastahili.

Wale wazoefu wawili wamejitoa, wanataka 18,000 yao, nimekubaliana nao niwalipe kwa miezi mitatu kwa maandishi. Huyo aliyeleta kundi anakuja, amesema atakuja kuendesha baiskeli na kuangalia. Wanaoanza wanne wanakuja kupanda na vijana wa Naivasha. Wa tano amesema mumewe amekataa, nikamwambia mumewe ana haki, na yake nitamrudishia.

Kamba nimeikata jana usiku. Nilifanya kwanza kama @Fundi_Mnara alivyosema, vidole viwili, hatua kwa hatua, mdogo wangu amekaa kitandani na mguu wake juu ya mto akinihesabia. Karibu mita ya ishirini na kitu ilijikunja bapa. Kwa nje hakuna kitu, ganda zima, rangi nzuri. Nilimpa aishike, akaibana, akanirudishia bila kusema neno. Tumekata mpaka saa sita usiku, kisu cha jikoni kimeisha makali. Jirani aliomba kipande cha kuanikia nguo, nikampa cha mita moja.

Fundi_Mnara
Mita ya ishirini na kitu. Sawa. Asante kwa kurudi kusema.

Kipepeo_Mpya
Habari wadau, nimeona kichwa cha uzi tu. Kwa uzoefu wangu wa kuandaa safari za ofisi, wachanganye, inajenga umoja.

Nyegere_Dume
@Kipepeo_Mpya rudi mwanzo ndugu yangu, soma taratibu.

Mama_Wawili
Na mama?

Mrombo_wa_Nairobi
Mama bado. Huwa anatoka shambani jioni, mtandao kule unasumbua.

Mama_Wawili
Jioni ndiyo hii.

Mrombo_wa_Nairobi
Nimempigia. Ameniacha nikamaliza yote. Halafu akauliza ni kisigino cha mguu gani, nikamwambia cha kushoto. Akasema, mpe mdogo wako simu.

Wanaongea hadi sasa. Mimi niko nje.